Shajara ya mradi: transmita ya wati 5 ya mita 40 yenye kitanzi cha mrejesho wa I na Q

Naiandika shajara hii kwa wenzangu wa redio ya ridhaa wanaotaka kuijenga au kuiboresha. Hatua za kawaida nazipitia haraka. Palipokwama nimekaa zaidi.

11 Januari 2025: mpango

Nataka transmita ya SSB (inayotuma sauti kwa upande mmoja tu wa masafa ya kati) ya wati 5 kwa bendi ya mita 40, ambayo katika Kanda ya 1 ya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, tuliyomo sisi wa Tanzania, ni 7.0 hadi 7.2 MHz. Iwe safi, na isiwe mlafi wa umeme, maana hapa Morogoro naendesha kituo kwa betri ya gari na sola. Njia iliyozoeleka ya kupata usafi ni kuzipa transista za mwisho mkondo mkubwa wa bayasi, yaani ule unaopita hata pasipo mlio. Matokeo yake zinachemka hata ukiwa kimya. Njia ya pili ni mrejesho hasi: chukua sampuli ya kinachotoka, ilinganishe na kilichokusudiwa, kisha tofauti yake itumike kusahihisha.

Wazo lenyewe ni la zamani. Harold Black wa Bell Labs alilipata tarehe 2 Agosti 1927 akivuka mto Hudson kwa feri kwenda kazini, akalichora juu ya ukurasa wa gazeti. Yeye alikuwa na amplifaya za simu akilini. Kwenye redio kuna kikwazo: mawimbi yakichelewa nanosekunde 120 tu kupita kwenye amplifaya na chujio, kwa 7.1 MHz huo ni mgeuko wa nyuzi 307 hivi. Ukirudisha sampuli moja kwa moja, mrejesho uliodhani ni hasi unaweza kurudi ukiwa chanya, na hapo umejenga oseleta.

Dawa ni kuishusha sampuli kwanza hadi masafa ya sauti, ikiwa mikono miwili, I na Q (nakala mbili za mlio zilizoachana nyuzi 90), na kulinganisha huko chini. Ucheleweshaji uleule kwa masafa ya makumi ya kHz ni nyuzi chache tu. V. Petrovic aliichapisha mbinu hii Uingereza mwaka 1983, na baadaye ikatumika sana katika redio za TETRA, zile za polisi na zimamoto.

Mpangilio wangu: I na Q kutoka kadi ya sauti ya laptopu zinaingia intigreta mbili (saketi zinazokusanya ile tofauti), kisha modyuleta ya kupandisha mlio hadi masafa ya redio (chipu FST3253), BS170 ya kusukuma, IRF510 mbili za kupokezana, chujio la harmoniki (mawimbi ya ziada ya mara mbili, mara tatu ya masafa), sampuli, kipunguzi, ditekta ya kuishusha tena (FST3253 nyingine), halafu nyuma hadi intigreta. Saa ni Si5351 ya 28.4 MHz inayogawanywa kwa 4. Modyuleta na ditekta zinatumia saa moja na kigawanyi kimoja. Usiweke vigawanyi viwili: kila unapowasha, kimoja kinaweza kuanza hatua moja mbele ya kingine, na hatua moja hapo ni nyuzi 90.

25 Januari: amplifaya, kitanzi kikiwa wazi (bila mrejesho)

Oseleta, modyuleta na chujio vilikubali bila ubishi. Mzigo bandia, unaokaa badala ya antena, ni rezista 20 za kilo-omu 1, wati 2 kila moja, zimeunganishwa sambamba: omu 50, wati 40.

Kilichopoteza muda ni transista. IRF510 za kwanza zilitoa wati moja na nusu na kuchemka vibaya. IRF510 halisi ina kapasitansi ya geti ya pF 180 hivi. Hizi, kwenye kipima vipuri cha bei rahisi, zilionyesha zaidi ya pF 1,500, yaani ndani yake kuna transista kubwa ya aina nyingine iliyoandikwa jina jipya mgongoni. Kwa kuwasha na kuzima taa zingefaa. Kwa 7 MHz ni mzigo kwa BS170, na zinaongeza mchelewo. Ukienda dukani, beba kipimo mfukoni na upime kabla ya kulipa. Muuzaji mwenye mali nzuri hakatai.

Kwa transista halisi na bayasi ya mA 40 kila moja nilipata wati 5. Jaribio la toni mbili lina njia ya mkato hapa: tuma toni moja ya 1 kHz kwenye I, acha Q tupu, na hewani zinatoka toni mbili zilizoachana 2 kHz, moja kila upande wa kati. Takataka, yaani toni za ziada zinazozaliwa zile mbili zikichanganyikana ndani ya amplifaya, zina madaraja: za daraja la tatu zinaonekana 3 kHz kutoka kati, za daraja la tano 5 kHz. Matokeo ya kitanzi kikiwa wazi: daraja la tatu desibeli 23 chini ya toni moja, daraja la tano 31 chini. (Ukisoma takwimu za watu wengine, angalia wamelinganisha na nini. Anayelinganisha na nguvu ya kilele anajipatia desibeli 6 za bure.)

Napima kwa RTL-SDR V3 kupitia vipunguzi. Kipokezi hicho nacho kina uchafu wake, kwa hiyo kila kipimo narudia nikiwa nimeongeza kipunguzi cha desibeli 10. Uwiano ukibaki palepale, takataka ni za transmita. Ukibadilika, ni za kipokezi.

15 Februari: kufunga kitanzi kwa mara ya kwanza

Nilipanga intigreta ili ukuzaji wa kitanzi ushuke hadi 1 kwenye 100 kHz. Kwa hesabu hiyo, kwa 3 kHz ukuzaji ni 33, yaani desibeli 30 za kusafisha, na kwa 5 kHz ni desibeli 26. Kwenye karatasi inapendeza.

Nilipofunga swichi, mkondo uliruka hadi kikomo cha pawasaplai bila toni yoyote kuingizwa. Kwenye skrini kukawa na mnara 55 kHz chini ya masafa ya kati, na upande wa juu pakavu. Nikipunguza ukuzaji mara kumi kitanzi kinatulia, lakini hapo hata kazi yenyewe kinakuwa kimeiacha.

Huo mnara wa upande mmoja ndio uliotoa siri, ingawa sikuuelewa siku hiyo. Amplifaya ya kawaida ikiyumba, huyumba sawasawa pande zote mbili za wimbi mbebaji. Kitanzi cha I na Q chenye kosa la fezi (pembe ya wimbi) huyumba upande mmoja.

1 Machi: daftari la nyuzi

Nimeacha kubahatisha, nikaandika matumizi ya fezi kama mtu anavyoandika matumizi ya nyumba. Mrejesho hugeuka kuwa chanya ukifika nyuzi 180. Intigreta peke yake inakula 90. Zilizobaki 90 ndizo zinazolisha vingine vyote, na zikiisha kabla ukuzaji haujashuka chini ya 1, kitanzi kinapiga kelele.

Nikapita kila kipande kwa masafa ya 70 kHz, ambako kitanzi kilikuwa kinavuka kwa kweli. Ditekta niliinakili kutoka mchoro wa kipokezi, ikiwa na kapasita za nF 10. Katika kipokezi ni sawa kabisa, zinachuja vituo vya jirani. Lakini ditekta ya swichi nne yenye chanzo cha omu 50 na nF 10 ina mpaka wa karibu 80 kHz, na hapo inakula nyuzi 41. Op-ampu (chipu ya kukuza) baada yake ni LM358, kwa sababu inapatikana kila duka na inakubali volti 5. Kwa ukuzaji wa 5 mpaka wake ni kama 200 kHz: nyuzi 19 nyingine. Mchelewo wote wa amplifaya, transfoma na chujio, uliopimwa kwa NanoVNA ya kuazima, ni nanosekunde 120: nyuzi 3 tu. Jumla 63, zimebaki 27.

Halafu likaja deni kubwa. Kabla ya kufunga kitanzi niliingiza volti ndogo ya DC kwenye I peke yake na kusoma matokeo ya ditekta kwa multimita. Kama fezi ya redio ingekuwa sawa, yote yangetokea I na Q ingekuwa sifuri. Nilisoma I volti 0.41 na Q volti 0.35. Pembe yake ni nyuzi 40. Huo ni mzunguko wa wimbi lenyewe la 7.1 MHz ndani ya nyaya na chujio, na unakatwa moja kwa moja kwenye akiba. Ishirini na saba toa arobaini.

Kwa hiyo mambo matatu: kapasita za ditekta zimekuwa pF 470 (mpaka 1.7 MHz), LM358 zimepisha MCP6022 ya 10 MHz, na kinachofuata ni njia ya kugeuza fezi.

Neno kuhusu LM358. Hata isingekula fezi, isingefaa hapa. Ina mkunjo mdogo pale mawimbi yanapovuka kati, na iko kwenye njia ya kurudi. Kitanzi husahihisha makosa ya njia ya kwenda, lakini makosa ya njia ya kurudi huyanyenyekea: kama ditekta inadanganya, kitanzi kitaupinda mlio wako kwa uaminifu mkubwa ili ulingane na uongo huo. Ukiwa na shilingi ya kutumia, itumie kwenye njia ya kurudi.

22 Machi: kigeuza fezi

Njia niliyochagua inafanya kazi kwenye masafa ya chini. I mpya ni I mara kosaini toa Q mara saini, na Q mpya ni Q mara kosaini jumlisha I mara saini. Vizidishi ni potenshiometa za dijitali MCP42010 mbili, kila moja ikiwa na potenshiometa mbili za hatua 256. Ncha moja inapewa I, ncha ya pili I iliyopinduliwa, na mkono wa kati unatoa kizidishi chochote kati ya toa moja na moja. Hatua moja ni kama nusu nyuzi. Gharama yake katika daftari ni nyuzi 6 kwa 100 kHz, nami nalipa kwa moyo mweupe.

Raspberry Pi Pico, bodi ndogo ya kompyuta, ndiyo inayotoa amri. Potenshiometa zilitii wakati mwingine na wakati mwingine zikapuuza, hasa bodi ikipata joto. MCP42010 inayotumia volti 5 inataka angalau volti 3.5 ili itambue "moja", na Pico inatoa 3.3. Chipu ya 74HCT125 katikati imemaliza ugomvi.

Bajeti mpya kwa 100 kHz: ditekta 3, op-ampu 3, mchelewo 4, potenshiometa 6. Jumla 16. Akiba 74. Nikitaka nyuzi 45 zibaki daima, fezi ya redio inaruhusiwa kukosea 29 kila upande.

Kitanzi kilifungwa na kikatulia. Sasa nikageuza fezi kwa makusudi. Nikienda upande mmoja, kelele inainua nundu chini ya masafa ya kati, kadiri ya 100 kHz. Nikienda upande wa pili, nundu inahamia juu. Katikati, pande zote ziko sawa na chini. Ukijenga yako, jifunze hili kabla ya jingine lolote: upande ilipo nundu ndio unaokuambia ugeuzie wapi. Hakuna kifaa cha maabara kinachohitajika.

29 Machi: vipimo

Daraja la tatu limeshuka kutoka 23 hadi 47 chini ya toni, la tano kutoka 31 hadi 50. Ni desibeli 24 na 19, si 30 na 26 za kwenye karatasi.

Upungufu una sababu yake. Kwa bayasi ya mA 40, mlio ukishuka karibu na sifuri IRF510 zinakaribia kufunga, na ukuzaji wao unaanguka. Ukuzaji wa kitanzi nao unaanguka palepale, yaani kitanzi kinadhoofika mahali hasa ambapo uchafu unazaliwa. Nilipopandisha bayasi hadi mA 80 kila moja, daraja la tatu lilifika 52 chini. Bado ni nusu ya mkondo ambao ningehitaji bila kitanzi kupata hata 35. Mrejesho haufuti kazi ya bayasi. Unaipunguza.

Tatizo la pili lilijitokeza nilipozidisha sauti. Kufika kilele, amplifaya haina zaidi ya kutoa, lakini intigreta haijui hilo. Inaendelea kupanda ikidai zaidi, na mlio unaposhuka inachelewa kurudi. Uchafu uliomwagika ulikuwa mpana kuliko wa kitanzi kikiwa wazi. Diodi za 1N4148, mbili mbili kwa mfululizo, zikielekea pande zote mbili, sambamba na kapasita ya intigreta, zinaizuia kwenye volti 1.2 hivi. Diodi zina mkunjo wao, ila ziko njia ya kwenda, kwa hiyo zinasahihishwa pamoja na mengine. Hata hivyo usizidishe sauti. Kitanzi kilichojaa hakina adabu.

5 Aprili: wimbi mbebaji lisilotakiwa

Katikati ya toni mbili kulikuwa na wimbi mbebaji desibeli 37 chini ya kilele. Hesabu ni nyepesi: kilele cha ditekta ni volti 1.1, na nilikuta mV 15 za DC zikikaa hapo bila mlio wowote. Kitanzi kinaziona kama mlio halali, kinatoa wimbi la kuzilingana.

Sehemu kubwa ilitokana na saa ya 7.1 MHz kuvuja hadi kwenye ingizo la ditekta na kujichanganya yenyewe. Kuhamisha waya wa saa upande wa pili wa bodi na kuweka ukuta wa bati la shaba kulipunguza hadi mV 6. Zilizobaki Pico inazisoma kila unapobonyeza swichi ya kuongea, kabla transista hazijapewa bayasi, na kuzitoa kwa PWM (mapigo ya upana unaobadilishwa) iliyochujwa. Sasa ni mV 2, sawa na desibeli 55 chini. Mwanzo nilifikiria kutumia Arduino Nano iliyokuwa kabatini, lakini hatua yake moja ya kusoma ni karibu mV 5. Pico ni mV 0.8, na kwa kuchukua wastani inatosha.

Kwa SSB kuna la kuangalia pia: I na Q za ditekta zikikosa nyuzi 90 kamili kwa nyuzi moja tu, upande usiotakiwa unabaki desibeli 41 chini, na kitanzi hakitasaidia, maana nalo ni kosa la njia ya kurudi. Kigawanyi cha kwa 4 kinatoa 90 nzuri kikipewa saa yenye kingo safi. Rezista za ditekta nilizichagua kwa kupima, za asilimia 1.

19 Aprili: antena, na mvua

Hadi hapa yote yalikuwa kwenye mzigo bandia. Antena ni dipoli ya V iliyopinduliwa, mita 20 kwa jumla. Kwa 7.05 MHz SWR (kipimo cha wimbi linalorudishwa na antena, 1 ikiwa hakuna) ilikuwa 1.9, na nundu ikatokea mara moja. Pembe ilikuwa imehama nyuzi 31, zaidi ya zile 29 nilizojiruhusu. Masika imeshika, na dipoli iliyolowa inahama tena.

Chanzo kilikuwa namna ya kuchukua sampuli. Nilitumia kigawanyi cha volti baada ya chujio, na volti mahali pale ni mchanganyiko wa wimbi linalokwenda na linalorudi. Nimeiondoa, nikajenga kapla ya mwelekeo kwa koa mbili za FT37-43, mizunguko 10 kila moja, inayochukua wimbi linalokwenda peke yake, desibeli 20 chini. Antena ileile sasa inahamisha pembe nyuzi 12. Kuhama kutoka 7.0 hadi 7.2 MHz kunaongeza 9 hivi, na joto la transista 4.

Bado hizo zinaweza kujumlishana, kwa hiyo Pico inapima yenyewe. Ukibonyeza swichi, kitanzi kinabaki wazi, DC ndogo inaingizwa kwenye I, I na Q za ditekta zinasomwa, pembe inahesabiwa, potenshiometa zinawekwa, ndipo kitanzi kinafungwa. Yote ni milisekunde chache. Kiwango cha kupimia nimekichagua katikati, kwani fezi ya IRF510 inatofautiana nyuzi 12 kati ya mlio mdogo na mkubwa, na ukipimia chini kabisa unajipunja upande wa juu. Kumbuka kwamba kipimo hiki kinatoka hewani kama mlio mfupi, kwa hiyo sikiliza kwanza kama masafa yako wazi.

Kwa mwenye kirekebishi cha antena: kirekebishe kitanzi kikiwa wazi na nguvu ikiwa ndogo. Unapozungusha vitasa, SWR inapanda hadi popote, na pembe nayo. Nimeweka swichi ya pekee kwa ajili hiyo baada ya kuona mkondo ukiruka tena kama ule wa Februari.

3 Mei: gharama na hali ilivyo

Kwa shilingi za Tanzania: transista pamoja na zile bandia 14,000. Chipu, Si5351 na Pico zilizoagizwa kupitia wakala, nauli ndani, 96,000. Koa 38,000. Rezista za mzigo bandia 8,000. Bodi za shaba, soketi, nyaya na vidogovidogo 27,000. Hitisinki imetoka kwenye UPS iliyokufa. Jumla 183,000, na RTL-SDR 120,000 juu yake kama huna. LM358 na kapasita za nF 10 sikuzihesabu, zimerudi kabatini.

Transmita inafanya kazi kwa LSB (SSB ya upande wa chini), wati 5, bayasi mA 160 kwa jumla. Leseni ni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania. Usiifungie antena kabla hujawa nayo.

Yaliyobaki ni mawili. Chujio la harmoniki linachangia nanosekunde 90 kati ya zile 120, na nataka kujaribu lenye vipande vichache, kwa kuangalia kwanza kama harmoniki ya tatu, 21.3 MHz, itabaki chini vya kutosha, maana ditekta ya swichi huisikia kama mlio halali. Na bendi ya mita 20 itataka daftari jipya la nyuzi kuanzia mstari wa kwanza. Koa zimeshaagizwa.